Omena Zarudi Majini

Nguo nilizovaa jana sokoni Kiritiri bado zinachuruzika kwenye kamba, na shangazi yangu wa Nkubu ameshapiga simu kuuliza kama ni kweli nimefurikisha soko. Nkubu! Habari imepanda kutoka Mbeere, ikavuka Thuci, ikapita Chuka na zile kona zote za Nithi, ikafika Meru kabla sijaoga.

Nilikuwa nimebeba maji. Maji tu, kutoka Embu mjini, ya kumwagilia miche ya muguka, ndani ya lile tangi jeupe la mraba lenye kizimba cha chuma, lita 1,000, juu ya pikapu ya kukodi. Kijana wa pikapu alikataa tulijaze. "Madam, tukijaza litatulemea. Tuweke nusu ndiyo iwe salama." Akalifunga kwa blada, zile kanda za mpira zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu, akalipiga kofi la ubavuni kama anayeaga ng'ombe aliyeuzwa, akasema, "Hilo haliendi popote."

Tuanze na hiyo nusu, kwa maana imeninyima usingizi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tulibeba nusu tani. Lakini nusu tani ya saruji hukaa pale ulipoiweka. Nusu tani ya maji ina safari zake. Tangi likijaa hadi kooni, maji hayana pa kwenda, yanatulia. Likiwa nusu, dereva akikanyaga breki, gari linasimama na maji yanaendelea na safari. Kwenye kona yote yanahamia upande wa nje, upande uleule ambao gari tayari linataka kuulalia. Ndiyo maana ndani ya malori ya mafuta huchomelewa kuta zenye matundu, za kuyachelewesha mawimbi. Na hapa ndipo niliposhika kichwa: ukiligawa tangi kwa ukuta mmoja wa katikati, kutoka mbele hadi nyuma, ule uwezo wa maji wa kuyumbisha chombo ubavuni haushuki hadi nusu, unashuka hadi robo. Robo! Kwa ukuta mmoja! Watu wa vyombo vya baharini wanalijua hilo vizuri, kwani tangi lao likiwa nusu, kila wimbi la nje linazaa wimbi la ndani. Jahazi tupu hutiwa farumi ya mawe au mchanga, vitu visivyo na tabia ya kutembea.

Na blada? Blada ni nzuri sana kwa kufunga godoro kwenye bodaboda. Lakini mpira unavutika: mzigo ukiondoka kidogo, mpira unaufuata, halafu unaurudisha kwa hasira. Tangi linataka mbao zilizopigiliwa sakafuni pande zote nne lisiteleze, kisha mikanda isiyovutika ya kulikandamiza chini. Waulize wanaofunga miraa kule Maua. Wale mzigo wao ukikaa njiani siku mbili umekwisha thamani, na hutawaona wakisimama kila kituo kuushikilia kwa mkono.

Basi tukafika kwenye tuta la sokoni. Siku ya soko, bila shaka. Breki. Maji yakaenda mbele, yakagonga, yakarudi; gari likapanda tuta, blada zikavutika, zikavutika, moja ikakatika kwa mlio uliowarusha mbuzi waliokuwa wamefungwa kando ya barabara. Tangi likateleza nyuma taratibu, kwa heshima zote, likausukuma mlango wa pikapu, likashuka. Koki ndiyo iliyotangulia kugusa lami, ikabaki palepale. Tangi likaendelea bila koki, likitema maji juu ya vitunguu, juu ya mitumba, na juu ya gunia lililotandazwa omena.

Mama mwenye omena hakupiga kelele. Alijifunga leso upya, akanitazama, akasema, "Madam, hizi zilitolewa ziwani, zikaanikwa, zikapanda gari mpaka hapa. Wewe umeona uzirudishe?"

Soko zima likaanguka kicheko. Nikalipa omena. Nikalipa na vitunguu, ingawa vilikuwa vimeoshwa tu.

Kicheko kilikatika ghafla, maana watu walikuwa wamekimbilia mitungi. Mabeseni, sufuria, madebe. Msichana mwenye sare ya shule alichuchumaa kwenye shimo la lami akachota kwa kikombe, akamimina kwenye chupa kupitia kitambaa, akachota tena. Na Tana haiko mbali na pale. Mabwawa matano yamepangwa juu yake: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. La Kindaruma lilikamilika 1968, la Kiambere 1988. Maji yanazungusha mitambo, umeme unapanda nyaya na kwenda zake Nairobi, na nyumba nyingi za Mbeere bado zinanunua maji kwa mtungi. Nchi iliyoweza kuuzuia mto mmoja mara tano inatuambia bomba ni gumu. Gumu kwa nani?

Mengine ya jana ni madogo. Pikapu iligoma kuwaka. Bodaboda ya kunirudisha Embu iliishiwa mafuta. Na kijana wa pikapu anadai nauli yote, kwa hoja kwamba tangi lilifika Kiritiri. Hatukuwa tumepatana, anasema, kwamba lingefika na maji.