Treni ya Ng'ambo Huanzia kwa Matatu

Mtu wa Kinango akitaka kupanda treni aone nchi za watu, kwanza apande matatu. Si kwamba reli iko mbali. Ile ya Mwingereza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, inakatiza kwetu: Samburu, Taru, Mackinnon Road, kote huko ni Kinango. Ya Mchina nayo ikapita papo hapo, ikaanza kubeba abiria 2017. Lakini treni yake ya abiria, Madaraka, hata ile ya polepole inayojidai kusimama vituoni, inasimama Mariakani, kisha kimya mpaka Miasenyi. Mariakani ni Kilifi. Miasenyi ni Taita Taveta. Hapo katikati ni Kwale yetu, nasi kazi yetu ni kuhesabu mabehewa na kuondoa mbuzi njiani.

Nikasema potelea mbali, tutapanda ya Watanzania. Mama watoto ndiye aliyeanza. Aliiona kwenye simu ile treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, mwendo wake kilomita 160 kwa saa, akatangaza kwamba Desemba hii hatupiki hapa. Nilipomsomea nauli ya daraja la kawaida, 31,000, alikaa kitako. Nikamwacha hivyo kidogo, maana raha za ndoa ni chache, ndipo nikamwambia ni shilingi za Tanzania. Ukizigeuza, ni elfu moja na mia tano na ushee za kwetu, karibu sawa na Mombasa–Nairobi, ila ya kwetu inakunywa dizeli.

Tatizo ni kuifikia. Kinango hadi Kwale, teremka Kombani, shika njia ya Lunga Lunga, vuka mpaka Horohoro, Tanga, halafu basi hadi Dar. Yaani ukifika kwenye treni umeshachoka kusafiri. Na usiniambie haiwezekani reli kuvuka mpaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walitandika reli kutoka Voi kuelekea Moshi huku Wajerumani wakiwapiga risasi. Sisi ni ndugu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatupigani, tunakumbatiana mbele ya kamera kila kukicha, na hakuna behewa hata moja la abiria linalovuka hapo. Uganda na Rwanda naingia na kitambulisho tu. Tanzania, jirani wa pua na mdomo, anataka pasi, na juu yake kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Haya, tumechanjwa.

Likabaki suala la kulala, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mimi nataka gesti ya bei ndogo Kariakoo, niweke begi, nifunge mlango, nilale. Mama watoto anataka choo ndani, feni inayozunguka kweli, na neti isiyo na dirisha la mbu. Amenionyesha picha za chumba: taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana juu ya kitanda. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, nikaona chini ya uvungu ndara za plastiki, zote mbili za mguu wa kushoto. Anasema mimi hutafuta makosa. Ndiyo, kwa hela yangu natafuta.

Chini ya picha wameandika "karibu na stesheni". Stesheni ya Mombasa iko Miritini, ya Nairobi iko Syokimau. Kwa hiyo maneno hayo siyaamini mpaka niambiwe stesheni yenyewe iko karibu na nini. Jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyefika Dar enzi za Nyerere na anayetoa ushauri kwa bei za wakati huo, ametuonya kuhusu daftari la gesti za kule, lenye safu za jina, kabila, utokako na uendako. Mama watoto akauliza kabila la nini, tunakwenda kulala au kupiga kura?

Tukiwa bado tunabishana, mtu akataja jina la shangazi yangu aliyeolewa Tanga. Sijui nani, ila namshuku mwalimu. Kwa shangazi hulipi chumba, wanasema. Kweli hulipi. Unapeleka doti mbili za kanga, sukari, na noti kwa kila mjukuu atakayesukumwa mbele akuamkie, na wajukuu wa shangazi huongezeka habari zikienea mtaani. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Shangazi hilo halitambui. Siku ya tatu ndiyo anaanza kukuzungusha kwa majirani. Kwa hesabu yangu, gesti yenye bata wa taulo ni nafuu.

Nikampigia kumwambia kwa adabu kwamba safari hii tutapita tu, treni haingoji mtu. Akanielewa upesi kuliko nilivyotarajia, akanibariki sana. Jioni akaleta ujumbe wa sauti: kwamba hiyo treni na yeye hajaipanda, amekwisha kuaga msikitini, anakuja na wajukuu watatu, na hiyo gesti nichukue vyumba vya chini kwa sababu magoti yake hayapandi ngazi.