Bi Mdogo na Kete ya Sitini na Nne

Mshahara wangu wote niliulia stoo. Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kamba za mkonge hapa Tanga, na kwa mtunza stoo kitu hakipotei. Kinaweza kutoka bila vocha, kinaweza kupokelewa na asiyehusika, kinaweza kukaa rafu isiyo yake, kupotea, hakuna. Nilipofikisha miaka 60 na sheria ikanitaka nikapumzike, niliondoka na kanuni hiyo nikaihamishia nyumbani, na ilifanya kazi vizuri mpaka mwanangu aliporudi kukaa kwetu na mkewe na binti yao.

Binti huyo ana mwaka mmoja na nusu. Siku aliyoletwa kutoka hospitali nilimpakata nikasema, kama mababu wote wa huku wasemavyo, "Huyu mke wangu huyu." Mwenye nyumba, bibi yake mtoto, akajibu papo hapo kwamba yeye hana wivu, ila zamu zipangwe mapema. Tangu hapo mtoto ni Bi Mdogo, yeye ni Bi Mkubwa, na mimi ni mume wa wake wawili walioungana dhidi yangu. Wa mtaani wameshazoea. Tabu ni wageni. Kuna mmoja alikuja kwa shughuli zake, akamsikia Bi Mkubwa akinipigia kelele kutoka chumbani, "Njoo umwone Bi Mdogo wako, kakojolea tena godoro!" Akaaga kabla chai haijachemka.

Wapo wanaodhani raha ya babu ni kukaa chini ya mwembe huku mjukuu akimletea maji ya kunywa. Mimi sijaletewa maji. Nimeletewa mswaki wa baba yake, nusu ya kitumbua ambacho nusu yake nyingine haijajulikana iliko, na mjusi. Mjusi alikuwa mzima. Kila mzigo naupokea kwa heshima, kwa sababu Bi Mdogo akishakabidhi hasogei: hukutazama usoni mpaka useme "asante," na ukichelewa anakunyang'anya, anarudi hatua mbili nyuma, anakabidhi upya.

Vinavyotoka ni vingi kuliko vinavyoingia. Rimoti ilionekana ndani ya sufuria ya uji. Bahati nzuri uji ulikuwa umekwisha. Ufunguo wa kabati ulitoka kwenye unga wa sembe, tena ukatokea mezani, umeshaiva. Nikaona hapa pana haja ya leja. Nikanunua daftari, nikalichora safu tatu: kitu, mahali kilipoonekana mara ya mwisho, na mpokeaji. Safu ya mpokeaji ilijaa jina moja kuanzia juu hadi chini. Lilikuwa daftari zuri sana. Sasa hivi sijui liko wapi.

Mwanangu anasema mimi si yule baba aliyemlea yeye. Anadai kwamba alipokuwa na miaka saba alivunja kikombe, nikamwandikia hati ya uharibifu wa mali na kumtaka aitie sahihi. Ni kweli, lakini anapoisimulia hasemi kwamba kikombe kile kilikuwa cha seti, na kwamba vitano vilivyobaki havikuweza tena kuwekwa mbele ya wageni sita. Juzi Bi Mdogo kavunja jagi la kioo. Mwanangu akanigeukia, akasubiri. Nikasema jagi lile lilikuwa na ufa siku nyingi. "Baba," akasema, "lile jagi tumelinunua Ijumaa." Nikamwambia basi tumeuziwa bovu.

Huwa nampakia kwenye baiskeli, kikiti cha mbele, kama Watanga wengine wote. Kazi yake ni kengele. Anaipiga kutoka mlangoni kwetu mpaka tunapokwenda, hata barabara ikiwa tupu, hata tukiwa tumesimama. Watu wanajibana ukutani kutupisha, wanadhani breki zimekatika.

Kliniki ndiko nilikopata hadhi. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akitimiza miezi 18, na siku yenyewe ilipowadia mkwe wangu alikuwa zamu kazini, mwanangu safarini, Bi Mkubwa ana shughuli ya harusi, jambo ambalo kwa mwanamke wa Tanga halihitaji maelezo zaidi. Nikabaki mimi. Nikavaa kanzu, nikachukua kadi, nikakaa kwenye benchi katikati ya kina mama waliopangana na vitenge vyao, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama leo wazee nao wanachanjwa. Zamu yetu ilipofika nesi akauliza mama wa mtoto yuko wapi.

"Kazini."

"Baba yake?"

"Safarini."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mume."

Benchi zima likaangua kicheko, nesi mwenyewe akaweka kalamu chini. Lakini kazi ilikuwa mbele. Kwenye ule mzani wa kuning'inia mtoto huvalishwa kisuruali cha kitambaa akatundikwa kwenye ndoano, na Bi Mdogo alipojiona anapaa alidaka kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho ni kofia yangu. Hakuiachia. Tulimbembeleza, tukamwonyesha kadi, tukamwonyesha kalamu, wapi. Nesi, akiona foleni inavyokua, akasoma mzani hivyo hivyo, akataka kuandika.

Nikamzuia. Nikamweleza kwamba huo ni uzito ghafi. Anachopaswa kuandika ni uzito halisi, yaani atoe kwanza uzito wa kofia, la sivyo mstari kwenye kadi utaonyesha mtoto kanenepa mwezi huu, na mwezi ujao akipimwa kichwa wazi watasema kakonda, watatuita kutuelimisha habari za lishe. Nesi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole, mara ya mwisho nilipima presha lini. Kofia ikapimwa peke yake, mzani haukutikisika hata kidogo, na kina mama wakapata cha kusimulia nyumbani. Sindano ilipoingia Bi Mdogo hakulia. Alimtazama nesi kwa mshangao, akaikamata pamba yake, akasema, "Angu!" Ikawa yake. Tumekuja nayo.

Simu nayo ina kisa chake. Wakwe zetu, wazazi wa mama yake mtoto, ni wakulima wa mpunga kule Mombo, na kila wakivuna hututumia gunia la mchele. Mchele ni mzuri, unanukia. Ila lile gunia la mwisho lilikuwa na chuya, na vijiwe pia, na baada ya kuuma kimoja nilimweleza Bi Mkubwa maoni yangu kwa kirefu. Nilisema mzazi mwenzangu pengine anauza kwa uzito, kwa hiyo mawe kwake ni mazao. Nilisema jino langu lile limepita uhuru, limepita vijiji vya ujamaa, limepita foleni za sukari za mwaka 1983, halafu linakuja kuuawa na zawadi. Bi Mkubwa akawa ananikonyeza. Nikadhani ananiunga mkono, nikaongeza. Kumbe Bi Mdogo alikuwa amekaa mkekani na simu yangu mapajani, kioo kinang'aa, na kutoka humo ikasikika sauti ya mtu mzima ikisema, taratibu, "Shikamoo zenu tumezisikia, mzazi mwenzangu. Endelea tu."

Gunia lililofuata lilikuja na kikaratasi kimeshonewa mdomoni: *Umechaguliwa punje kwa punje. Pole kwa jino.* Bi Mkubwa amekihifadhi kikaratasi hicho mahali ambapo Bi Mdogo hafiki, wala mimi sifiki.

Sasa nije kwenye bao, kwa sababu ndilo lililonifikisha mbele ya wazee.

Jioni tunakutana barazani, Ngamiani, kahawa chungu na kashata, na ubao wa bao katikati. Mpinzani wangu wa kudumu ni dereva wa treni mstaafu, mtu mwema kwa kila hali isipokuwa akiwa anashindwa. Asiyelijua bao la Kiswahili nimwambie kwamba lina mashimo 32 na kete 64, na hizi kete zetu ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zimeng'aa kwa mikono ya watu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Mnapoanza kila mmoja ana kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba yake, na 22 mkononi au pembeni, na mnanamua mmoja mmoja, mimi moja wewe moja, mpaka ziishe. Kwa mtunza stoo hakuna mchezo mwingine. Mwanzo hadi mwisho ni 64. Haziongezeki, hazipungui, zinabadili tu wenyewe.

Jioni hiyo Bi Mdogo alikuwa nami. Alipewa kashata, akakaa chini ya benchi, akatulia. Utulivu wa mtoto wa umri ule wenye wajukuu wanaujua. Mimi nilikuwa nimeshughulika na nyumba ya dereva. Nilianza mimi. Nikanamua ya mwisho, nikatandaza, nikalala, nikasubiri na yeye atie ya kwake ya mwisho. Dereva akapeleka mkono pembeni, akapapasa, akaangalia. Hakuna kitu.

"Bwana Stoo," akasema, "kete yangu moja umeila."

Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Tukainua mkeka, tukakung'uta vikombe, muuza kahawa akahesabu kashata zake kwa usalama wake. Tukahesabu kete: 63. Tukahesabu upya, kila mzee kwa njia yake: 63. Kisha macho yote yakashuka chini ya benchi. Bi Mdogo alikuwa ametuna mashavu yote mawili. Nikamfungua kinywa. Kashata. Nikaitoa kashata yote, nikatazama mpaka kooni; kete hamna, na hapo ndipo damu iliponiishia, maana kama haimo mkononi wala kinywani, imebaki sehemu moja tu.

Sitaeleza jinsi tulivyofika zahanati, ila kengele ya baiskeli safari hii niliipiga mimi. Tabibu akamsikiliza kifua, akamminya tumbo, Bi Mdogo akacheka. Anapumua vizuri, akasema, hana maumivu. Kama ameimeza, itashuka. Mkimwona anatapika au tumbo linamuuma mrudisheni mara moja. Vinginevyo angalieni choo. Tuliporudi nyumbani mkwe wangu akauliza, "Baba, nani ataangalia?" Bi Mkubwa hakusubiri nijibu. Akaniletea poti na kijiti. "Mtunza stoo ni wewe," akasema. "Mapokezi ni kazi yako."

Niliifanya kazi hiyo kwa uadilifu. Zaidi ya hapo niseme tu kwamba Bi Mdogo, kwa kuona jinsi kila mzigo wake ulivyongojewa, ulivyochukuliwa kwa mikono miwili na kutazamwa kwa makini kuliko chochote alichowahi kuniletea, alijawa na furaha kubwa. Alikuwa akimaliza anasimama, ananyoosha kidole, na hasogei mpaka niseme asante.

Kete haikushuka, ikaendelea kutoshuka, mpaka mke wa dereva alipofua koti la mumewe. Ilikuwa mfukoni, mfuko wa kulia, pamoja na kipande cha kashata na pamba ya kliniki.

Dereva akaja na ushahidi mkononi. Yeye anashikilia kwamba mtoto alimtumbukizia pale chini ya benchi huku koti likining'inia, na kwamba kwa kuwa mtoto ni wangu, mchezo ule ulivurugwa na upande wangu na urudiwe. Mimi nimemjibu kwamba kete ilikuwa yake, ikatoka kwenye rundo lake ikaingia mfuko wake, maana yake mali haikuwahi kutoka stoo yake. Upungufu ni wa kwake, na mimi nilikuwa naelekea kushinda. Mwenyekiti wa baraza, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alitusikiliza wote kwa vikombe viwili vya kahawa, akaahirisha shauri, akatoa amri ya muda: kabla kete hazijapangwa, wanaoingia barazani wakaguliwe, mtoto kwanza, dereva wa pili.

Dereva analalamika kila jioni kwamba utaratibu huu ni udhalilishaji kwa mtu aliyeendesha treni mpaka Moshi. Bi Mdogo hana malalamiko. Akifika tu ananyanyua mikono juu mwenyewe, anakaguliwa mifuko ya gauni, anaambiwa asante, halafu anakwenda kusimama mbele ya dereva kumsubiri na yeye anyanyue.