Barua ya Wazi kutoka kwa Jezi Namba 16 hadi 23

Kwa Waheshimiwa Walimu wa Michezo na Makocha wa Raga,
Shule za Sekondari, Kenya.

Awali ya yote, wavaaji wa jezi namba 16 hadi 23 wanatoa shukrani. Wamekaa vizuri. Benchi ni imara, maji yapo, na kutoka hapo mechi inaonekana vizuri kuliko kutoka mahali pengine popote uwanjani. Wamejifunza mengi: kubeba chupa, kukimbiakimbia kando ya mstari wakipasha misuli moto wasiingizwe, na kupiga makofi kwa moyo mkunjufu namba 10 anapokosa penalti ya tatu mfululizo. Wazazi wao nao wamefaidika. Wamenunua njumu na kinga ya meno, wakalipa nauli, wakafika kushuhudia mtoto wao akilinda koti la kocha.

Kwa hiyo barua hii haiji kulalamika. Inakuja na hesabu, kwa kuwa kila walimu wanapoulizwa mbona fulani hakucheza, jibu ni lile lile: muda hautoshi.

Mechi ya vijana wasiozidi miaka 19 ni ya dakika 70, yaani 35 kila kipindi. Wachezaji 15 kwa dakika 70 ni dakika 1,050 za kugawa. Kikosi kikiwa na vijana 23 na kila mmoja akahakikishiwa nusu mechi, zinatumika dakika 805. Zinabaki 245, na hizo zinatosha kabisa kuwaacha vijana saba wacheze mwanzo hadi mwisho, huku nafasi nane zilizosalia zikigawanywa kati ya vijana 16. Saba! Hata kocha aliyemleta mpwa wake kikosini hana vipenzi saba.

Kwa raga ya wachezaji saba kila upande hesabu ni nyepesi zaidi. Dakika ni 14, kikosi ni vijana 12, mabadiliko yanayoruhusiwa ni matano. Watano waingie wakati wa mapumziko, nyota wawili wabaki ndani, na kila mtu amecheza angalau dakika saba. Ni hesabu ya darasa la tano, na walimu wengi wa michezo wana shahada.

Wasije wakadhani mpango huu umebuniwa na wavivu wa benchi. Chama cha raga cha Uingereza, RFU, kina kanuni ya nusu mechi katika raga ya watoto na vijana: aliyetajwa kwenye kikosi cha siku acheze angalau nusu ya muda. Huko New Zealand, chama cha North Harbour kilikwenda mbali zaidi mwaka 2019 kikaziondoa timu teule za watoto, kikihofia kwamba kuchuja mapema kunawafukuza mchezoni wale wasioteuliwa. Mwaka huohuo mashirikisho matano ya New Zealand, ya raga yakiwemo, yaliahidi kwa pamoja kupunguza mbio za ushindi katika michezo ya watoto. Nchi hiyo ina Vikombe vya Dunia vitatu vya wanaume tu, kwa hiyo huenda haijui inachofanya.

Sasa tufike kwenye hoja moja ya walimu yenye uzito, nayo ni usalama. Raga si mchezo wa kumwingiza yeyote popote. Safu ya mbele ya skramu inabeba shingo za watu, na ndiyo maana sheria za vijana zinazuia skramu kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu, na timu ikiishiwa wachezaji waliofunzwa nafasi hizo, skramu zinachezwa bila kusukumana. Kwa sababu hiyo namba 16, 17 na 18 husafiri na timu kama tairi la akiba: lazima wawepo, na dua ya kila mtu ni wasihitajike.

Lakini hapo pana fumbo. Kocha anapowaandika vijana hao watatu kwenye karatasi ya refa, anatamka kwamba wamefunzwa, na kwamba mwenzao akiumia dakika ya tano wataingia na kusukuma. Mzazi akiuliza kwa nini hawakuingia kipindi cha pili, anaambiwa bado hawajaiva, shingo zao ni changa. Wameiva dakika ya tano, wakawa wabichi dakika ya 36. Ama karatasi ya refa inadanganya, ama kocha. Na kama kweli hawajaiva, inafaa kuulizwa Jumanne mazoezini walikuwa wapi. Walikuwa pale pale, wameshika ngao ili namba 1 hadi 3 wapate cha kugonga.

Kuhusu hoja nyingine ya walimu, kwamba wengine wana umbo dogo mno, jezi hizi zitasema machache. Kijana wa miaka 15 aliyebalehe mapema huonekana simba, na baada ya miaka mitatu wenzake wanakuwa wamemfikia, isipokuwa wale waliokwishahamia mpira wa vikapu. Cheslin Kolbe, mwenye kimo cha mita 1.7 hivi, alifunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2019, Afrika Kusini ikaizamisha Uingereza 32-12. Kuna viwanja vingi ambako angekuwa anagawa maji.

Maombi ni mawili. Kwanza, dakika za kila mchezaji ziandikwe na kubandikwa ubaoni kila Jumatatu, karibu na ratiba ya mechi, kwa mwandiko unaosomeka. Pili, kila aliye kikosini acheze nusu mechi, ingawa jezi hizi ziko tayari kuachia fainali: siku hiyo kocha acheze na anaowataka, nao watashangilia hadi sauti zikauke. Ila walimu waeleze kwanza fainali ni nini, kwa maana muhula uliopita neno hilo lilitumika hata kwa mechi ya kirafiki dhidi ya shule jirani, mvua ikinyesha, kombe halipo.