Mwongozo kwa Mgeni Mwenye Njaa Lubumbashi

Kwanza ondoa akilini kwamba menyu ni orodha ya vyakula. Katika bistro ya mtaani Lubumbashi, iwe Kamalondo au Kampemba, ile karatasi iliyotiwa plastiki ni kumbukumbu ya yote ambayo jiko limewahi kupika, pamoja na mawili matatu ambayo mwenye nyumba alitamani kuyapika. Isome kwa heshima, uifunike, kisha useme: "Mama, jambo yenu. Leo kuko nini?" Usitangulize swali mbele ya salamu. Anayeingia na njaa yake mdomoni huambiwa byote bilishaisha, hata kama sufuria inafuka nyuma ya pazia.

Siku hizi bistro za katikati ya mji, zile zenye vitambaa mezani na jenereta uani, zimejifunza kuandika ubaoni kwamba zinapika "vyakula vya majira", kama wafanyavyo Brussels. Wageni husifu ubunifu huo, na bei hupanda kwa kuona haya ya kusifiwa. Mama wa malewa (mgahawa wa mtaani) pale soko la Kenya, humu humu mjini, amepika kwa majira maisha yake yote, wala hajatoza faranga moja kwa ajili ya ubao. Hakuwa na hiari: mvua ndiyo inayompangia.

Mvua hiyo hunyesha toka Novemba hadi Machi hivi, na huu ndio wakati wa kuja ukiwa na mkanda uliolegea. Barabara ya Likasi hujaa wauza uyoga wa kila rangi, na kati ya uyoga huo upo ule mkubwa ambao muuzaji huuinua juu ya kichwa kama mwavuli. Wanasayansi waliupa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, watu wa misitu ya miombo wakiwa wamekwisha kuula tangu zama za mababu. Kofia yake huweza kukaribia upana wa mita moja. Usiulize unalimwa shamba gani. Mkulima wake ni mchwa, huulea ndani ya kichuguu, hatoi risiti na hapokei oda. Kwa hiyo ukiukuta "uyoga mbichi wa msituni" kwenye ubao mwezi wa Agosti, jua kwamba ni wa kukaushwa uliolowekwa tangu jana, au ni wa kopo uliopandishwa cheo.

Mvua hizo hizo huleta finkubala. Mgeni akiwaona viwavi kwenye sahani hufanya moja kati ya makosa mawili: hukimbia, au huwaagiza kwa kiburi akidhani ni chakula cha maskini, cha bei ya huruma. La pili ndilo linaloumiza, kwa maana kipimo cha finkubala wakavu mara nyingi hushinda nyama ya ng'ombe kwa bei. Kama unataka kujua unakula nini, mtaalamu wa mimea François Malaisse alifanya utafiti miaka mingi juu ya vinavyoliwa katika miombo ya Katanga, na mwaka 1997 akatoa kitabu kizima. Usikisome mezani. Chakula kitapoa.

Asiyekula nyama ataletewa kikanda, kimekatwa vipande kama soseji. Ni viazi vya okidi vilivyotwangwa na kupikwa na karanga. Mweleze mwenzako baada ya kumaliza sahani yako, ili upate na ya kwake.

Samaki wana kalenda ya serikali. Wale wazuri hutoka Luapula na ziwa Mweru kupitia Kasenga, lakini samaki nao hupewa likizo ya kuzaa. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa toka mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo "samaki wa leo" ni Thomson, aliyesafiri akiwa barafu kutoka pwani ya Namibia. Hana majira, hana kiburi, na akikaangwa vizuri na pilipili hana mpinzani.

Bukari, yaani ugali, haliandikwi kwenye menyu, kwa sababu vingine vyote ni mboga tu. Na hapa ndipo majira yanapouma kwelikweli. Reli ilifika Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, kutoka kusini mwaka 1910, na unga wa mahindi ukaifuata ili kuwalisha wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Tangu hapo mji huu unatazama Zambia kila unapoona njaa. Kuanzia Januari, kabla ya mavuno, au malori yakikwama mpakani Kasumbalesa, bukari hupungua kimo bila bei kushuka. Mgeni asitoe maoni juu ya kimo hicho. Wote waliopo wamekwisha kukiona.

Kiangazi ni wakati wa lengalenga (mchicha), laini, la bustani zinazomwagiliwa. Usiulize sana bustani iko wapi. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na watafiti wa Chuo Kikuu chake wamekuta shaba, kobalti na kadmiamu kwenye mboga zilizolimwa karibu. Sombe, yaani kisamvu, kwa upande wake, haina siri ila muda: hutwangwa, huchemka, huchemka tena. Ukiiagiza saa sita ukitaka kuila saa sita na nusu, unaomba ya jana, nayo kwa kweli ni tamu zaidi.

Mwisho malipo. Dola yako itainuliwa mwangani, igeuzwe pande zote, na ikiwa na mchaniko mdogo pembeni utarudishiwa kwa masikitiko. Faranga iliyochakaa hata tarakimu hazisomeki itapokelewa bila neno. Chenji ya dola hutoka kwa faranga, kwa kiwango cha nyumba. Ukibisha, ataitwa yaya mmoja mwenye simu, apige hesabu upya, na utapata pungufu. Wenyeji huchukua chenji yao kwa umbo la bia ya Simba ya pili, baada ya kuuliza kama umeme ulikuwepo tangu asubuhi.