Namba 14 Yuko Kila Mahali

Ukitaka kujua kwamba mtangazaji wa mpira ameishiwa maneno, msikilize anapoanza kutaja miaka. Mpira ukichangamka hana haja na historia, kelele zinamtosha. Lakini kipa akijilaza dakika ya 60 timu yake ikiwa inaongoza, na mtu wa huduma ya kwanza akaanza kuvuka uwanja kwa mwendo wa bibi harusi, hapo ndipo utaambiwa mara ya mwisho timu hizi kutoka sare wakati wa masika. Kwenye televisheni unaweza kunyamaza, mtazamaji anajionea. Redio ikinyamaza, watu wanaipiga makofi wakidhani betri zimekwisha.

Shemeji yangu anatangaza kwenye redio moja ya mkoani, na kwa kuwa nina tabia ya kuhifadhi magazeti ya michezo, alinipa cheo: mtu wa takwimu. Malipo ni soda na nauli ya bodaboda. Kazi ni kukaa kando yake na kumsogezea vikaratasi.

Kazi hii ina ukoo wa heshima. Bill Frindall aliifanya pale BBC, kwenye kriketi, kuanzia 1966 hadi alipofariki 2009, na mechi ya kriketi ya siku tano ina ukimya wa kulisha watu wa takwimu kijiji kizima. Kwenye soka la Uingereza wapo watu wa kampuni ya Opta, walioanza 1996. Mechi moja wanaipangia watu watatu: mmoja anafuata timu ya nyumbani, mmoja wageni, wa tatu anawakagua wenzake. Filimbi ya mwisho ikilia wameshanasa matukio kama elfu mbili, kila pasi na mahali ilipopigwa. Ndiyo maana mtangazaji wa kule anajua beki katoa pasi ngapi kabla beki mwenyewe hajajua.

Sisi tulikuwa na Mzee, muuza magazeti mstaafu mwenye simu ya kitochi. Ushindi wa timu yake aliukumbuka pamoja na hali ya hewa na jina la refa. Vipigo vyote vilitokea "enzi zile". Nikimpigia mpira ukiendelea, hujibu, "Subiri mwanangu nivae miwani," ilhali anachotafuta kimo kichwani.

Nilichojifunza upesi ni kwamba takwimu adimu haiokotwi, inakatwa. Unachukua matokeo ya kawaida kabisa, unaanza kuyapunguza: ya nyumbani tu, ya Jumatano tu, ya tangu uwanja upakwe rangi. Ukikata vya kutosha, kila kitu ni rekodi. Siku moja nilimsogezea shemeji kwamba wenyeji hawajawahi kufungwa Jumatano kwenye uwanja huo. Ilikuwa kweli tupu: walishacheza Jumatano moja, ikawa suluhu. Akaisoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya urais, na kabla hajameza mate wageni wakafunga.

"Shemeji," akaninong'oneza, kafunika maikrofoni, "takwimu zako zina kijicho."

Unapoanzia kukata napo pana siasa zake. Kwa Mwanayanga historia ya nchi hii ilianza 5 Novemba 2023, walipoichapa Simba 5-1. Mwanasimba atakurudisha 6 Mei 2012, mabao matano kwa bila, na ukimbana zaidi anakupeleka Julai 1977, sita kwa bila, Abdallah Kibadeni katupia matatu. Mwenzake naye akibanwa anakimbilia 1968, tano kwa bila. Wote wanasema kweli. Mtangazaji mwenye akili hutazama kwanza amekaa karibu na jukwaa la akina nani, ndipo achague mwaka.

Shemeji akatamani na takwimu za kisasa. Kipindi cha soka cha BBC, Match of the Day, kilianza kuonyesha "mabao yanayotarajiwa" mwaka 2017: kila shuti linakadiriwa uwezekano wake wa kuwa bao, kwa umbali, pembe na mengineyo, kisha makadirio yanajumlishwa. Shemeji akakadiria kwa macho, akatangaza kuwa wenyeji walistahili bao 1.7. Msikilizaji akapiga simu kuuliza hiyo 0.7 kafunga nani, na kwa nini refa kaikataa.

Lakini hakuna kilichotupa jina kama namba 14. Kikosi cha wenyeji kilitufikia kwa WhatsApp dakika tano kabla ya mchezo, picha imepigwa kiupande, kidole gumba kimefunika mabeki. Jezi zilikuwa za kuazima, za seti mbili, kwa hiyo wakaingia namba 14 wawili: beki wa kulia na mshambuliaji. Refa akawatazama, akatazama jua linavyozama, akapuliza kipenga. Mimi nikaandika ninachokiona, kama watu wa Opta. Namba 14 alipiga krosi, namba 14 akaiunganisha kwa kichwa. Shemeji akalitangaza bao bila kupepesa macho. Hadi mapumziko, namba 14 alikuwa ameokoa hatari langoni kwake na kukosa bao la wazi upande wa pili ndani ya dakika hiyohiyo, na mkoa mzima ulikuwa unamzungumzia.

Mchezo uliofuata, wageni walikuja wamejipanga. Kocha wao, kumbe, ni msikilizaji wetu. Akatoa viungo wawili wamkabe namba 14, asigeuke. Ila timu ya wenyeji ilikuwa imepata jezi mpya: mshambuliaji kapewa 9, na 14 imebaki kwa beki, kijana mpole asiyependa hata kuvuka mstari wa kati. Wale viungo wakahamia kwenye kona yake, wakampumulia kisogoni dakika zote tisini, huku namba 9 akifunga mawili bila bughudha.

Shemeji akanigeukia, mkono juu ya maikrofoni, akitaka kujua kama jambo hili limewahi kutokea. Nikampigia Mzee.

"Lilishatokea," akajibu papo hapo, hata miwani hakuitaja. "Enzi zile."