Sakafu ya Southmere: Mhadhara wa Gwiji wa Vilindi

Waheshimiwa wana-Thamesmead, mashemeji zangu, na nyinyi wawili mlioingia kukwepa mvua, karibuni. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni "mpenzi wa mabwawa". Namsamehe. Kadi yangu inasema Gwiji, na najua haina makosa kwa sababu niliichapisha mwenyewe.

Mada ya leo ni kupima na kuchora sakafu ya bwawa. Kabla ya hapo tuanze na jambo zito zaidi, yaani maisha yangu.

Mwaka 1974 nilikagua sakafu ya bwawa la Mtera, kule Mto Ruaha Mkuu, kwa miguu yangu hii, ukingo hadi ukingo, bila mtumbwi na bila kulowa. Mahasidi hunong'ona kwamba bwawa lenyewe lilikamilika 1980. Sawa, ndiyo maana sikulowa. Huongeza pia kwamba nilikuwa na miaka tisa na mbuzi wa babu. Wale mbuzi walikuwa jopo langu.

Turudi hapa Thamesmead. Ziwa Southmere halikuumbwa, lilichimbwa. Mji huu ulipoanza kujengwa miaka ya 1960 juu ya kinamasi kilicho chini ya usawa wa Mto Thames maji yanapojaa, wajenzi waliona heri maji ya mvua yapatiwe pa kungojea. Kwa kuogopa mafuriko, hata sebule za nyumba za mwanzo ziliwekwa juu. Kijana mmoja akaniuliza: kama lilichimbwa, si wachimbaji walijua kina chake? Nimemwomba akakae karibu na mlango.

Sasa mbinu. Wazee wetu wa pwani walitia bildi, risasi nzito kwenye kamba, wakahesabu pima. Siku hizi kipo kipima mwangwi: sauti inashuka, inagonga sakafu, inarudi. Unachukua muda wa safari hiyo, unazidisha kwa mwendo wa sauti majini, karibu mita 1,500 kwa sekunde, kisha unagawa kwa mbili. Hiyo ya kugawa kwa mbili niliiona mambo ya darasa la nne, nikaiacha. Matokeo yake, vilindi vyangu vimezidi vya wapimaji wote maradufu.

Boti hutakiwa iende na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama plau shambani. Mpwa wangu alipiga kasia. Mimi nilisimama mbele, kwa ajili ya picha. Tulipofika mahali nilipopaita Shimo Kuu, korongo alikuwa amesimama hatua tatu mbele yetu, maji yakimfika nusu ya muundi. Nikaagiza asiandikwe. Mpwa akasema, "Sawa, Mjomba, ila kifaa nacho hakijawashwa." Vijana wa leo hukatisha watu tamaa.

Mnauliza faida? Mto huleta tope, tope hula nafasi ya maji. Linganisha ramani mpya na ya zamani, utajua bwawa limepungukiwa kiasi gani. Mimi nimelinganisha ramani yangu na nakala yake. Hakuna kilichopungua.

Bado hodhi la Crossness, jirani yetu, lililofunguliwa 1865 na kujengwa liweke galoni milioni 27 za majitaka ya London, yakingoja maji kupwa ndipo yaachiwe mtoni. Hilo nililipima kwa pua, nikiwa kituo cha basi.

Maswali? Dada mwenye koti la manjano lililoandikwa "Wapimaji wa Mito" mgongoni, mkono wako nimeuona tangu nilipokuwa Mtera. Kwa bahati mbaya muda umekwisha. Ramani ni pauni kumi, na anayetaka kina zaidi aseme tu, kalamu ninayo.