Kamera Inayotaka Kudanganywa

Yashica Electro 35 GSN ina taa mbili kichwani, moja ya njano na moja nyekundu, na hayo ndiyo maneno yote inayoyajua. Njano maana yake mwanga hautoshi. Nyekundu maana yake mwanga umezidi. Ukipatia haiwaki taa yoyote. Hakuna ya kijani ya kukupongeza. Electro 35 ya kwanza ilitoka mwaka 1966, hii ya GSN ikafuata 1973, na huko Japani walikoiunda nadhani walimfikiria baba mkwe: akinyamaza ujue umekubalika, akifungua mdomo kuna kosa.

Niliinunua Unguja, Mji Mkongwe, katika duka la vitu vya kale lenye saa za ukutani ambazo hazijawahi kuafikiana. Muuzaji alivuta mkono wa kusogezea mkanda, akabonyeza, ikalia "cha!" Akavuta tena, akabonyeza tena. "Unaisikia? Nzima hii, kaka yangu." Niliisikia. Asilosema, na sidhani kama alilijua, ni kwamba Electro isiyo na betri hulia hivyo hivyo siku zote. Akili yake ni ya umeme mtupu: wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, yenyewe inapima mwanga na kuamua shata ikae wazi muda gani. Ikikosa umeme haizimiki kistaarabu. Inashika kasi moja tu, 1/500 ya sekunde, usiku na mchana, na mlio wa 1/500 ni mlio wenye afya njema kabisa. Yaani maiti yake inapiga chafya.

Nilipouliza habari za betri, akafungua kizibo cha chini, akachungulia, akakifunga haraka. "Aa, betri kitu kidogo."

Si kidogo. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, na betri za zebaki hazitengenezwi tena. Sababu yenyewe haina ubishi. Huko huko Japani kuna mji wa pwani uitwao Minamata, ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa kuidhibiti zebaki, uliopitishwa 2013, unaitwa kwa jina la mji huo. Mimi na mkataba hatuna ugomvi. Ila miaka kumi baada ya 1956, nchi hiyo hiyo ikaunda kamera safi namna hii na kuitilia zebaki tumboni.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuidanganya kamera yangu alikuwa fundi saa wa Ngamiani, Tanga. Alitafuta betri ya volti 6, nyembamba kuliko shimo lake, akaizungushia karatasi ya daftari mpaka ikakaa, akaongeza springi ya kalamu na kipande cha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara. "Inadai tano nukta sita? Tunaipa sita. Haitajua." Haikujua. Nikabonyeza kitufe cha kupimia betri kule nyuma, na kidirisha cha kuhesabia picha kikawaka kwa ndani. Fundi akafurahi kupita mimi. Akaipeleka chini ya meza penye giza, akabonyeza tena. "Kumbe inasoma usiku! Mbona hii saa nzuri, ina namba tu haina mishale?"

Kutoka hapo nikaipeleka kwa Baba Mdogo. Huyu alikuwa mpigapicha wa kutembea, kamera begani, sherehe hadi sherehe, piga leo chukua Alhamisi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba akiwa anaitazama kamera. Akaichukua, akaiweka sikioni, akavuta mkono wa mkanda taratibu na macho ameyafumba. Ndani kukalia "ko!"

"Pedi yake bado nzima," akasema.

Alikuwa sahihi. Ndani ya kamera hizi kuna kipande kidogo cha mpira, na mpira ukizeeka unasagika, ukishasagika, ile "ko!" inapotea na kamera inaanza kuunguza picha, inazipa mwanga kupita kiasi. Wanunuzi wa Electro wa dunia nzima wanausikilizia mlio huo. Mimi sikuusikiliza. Niliyasikiliza maneno ya muuzaji, na nimeambiwa na Baba Mdogo kwamba huo ni ugonjwa tofauti.

Kulenga nako kuna visa vyake. Kitundu cha kuchungulia hakipiti kwenye lenzi. Kina dirisha lake pembeni. Katikati yake kuna doa la njano, na ndani ya doa hilo kila mtu ni wawili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wanaingiana na kuwa mmoja, hapo ndipo picha itatoka kali. Shangazi aliniuliza, "Unaniona vizuri?" Nikamjibu, "Nawaona wawili, Shangazi." Chai yangu ya siku hiyo ilinuswa kabla sijaongezewa.

Na adui wa doa lile ni kanga. Maua ya kanga yanafanana. Unadhani umelipatanisha ua na nafsi yake kumbe umelioza kwa jirani yake, na picha inatoka imefifia. Dawa niliyoigundua ni kulenga maandishi. Herufi hazidanganyi: jina la kanga likisomeka mara mbili bado, likisomeka mara moja, piga. Tatizo ni kwamba jina la kanga, mtu akishajifunga, mara nyingi linakaa nyuma. Nikawa nawaomba shangazi zangu wageuke, nilenge, kisha wanigeukie tena bila kusogea hatua. Picha nilipata. Sifa nilizopata pamoja nazo si za kuandikwa hapa.

Halafu ikaja harusi ya binamu yangu. Ndoa ilifungwa baada ya sala ya adhuhuri, wanaume wakapanga mstari nje, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta wa nyuma umepakwa chokaa juzi. Jua la Tanga utosini. Nilipobonyeza nusu, taa nyekundu ikawaka mpaka mtu wa pili kwenye mstari akasema, "Chaji inakwisha hiyo." Mtoto mmoja akaja akagusa mgongo wa kamera kwa kidole, akangoja, akaenda kuwaambia wenzake kwamba kioo kimekufa. Nikalibana tundu la lenzi mpaka 16, mwisho wake, taa ikazima.

Baba Mdogo akanisogelea sikioni. "Usiiamini ikinyamaza."

Hapa alikuwa na jambo. Kipimamwanga cha kamera kimefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote kwa pamoja, ni ya kijivu. Kijivu kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Ukikionyesha kanzu ishirini, kinasema hii si kijivu, mwanga umezidi, na kinaubana mpaka kanzu zinakuwa rangi ya jivu. Na nyuso juu ya kanzu hizo? Zinazama. Unapata picha ya mstari wa makoti ya vumbi yenye meno. Siilaumu kamera peke yake. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, zile zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, na sidhani kama katika vikao vyao kuna aliyenyoosha mkono kuuliza habari za Ngamiani.

Electro haina kitufe cha kuikatalia uamuzi. Ina namba ya kasi ya mkanda tu. "Mkanda wako wa ngapi?" akauliza Baba Mdogo. Mia nne. "Iambie mia mbili. Ikidhani mkanda mzito itaongeza mwanga yenyewe. Usibishane nayo, idanganye." Nikaidanganya. Na nisisitize kwamba zile ndizo picha bora za mkanda mzima: kanzu ni kanzu, na kila mtu ana uso wake aliokuja nao.

Ndani ya nyumba ikawa zamu ya njano. Bibi amekaa kwenye kochi, wanawe wamemzunguka, wajukuu sakafuni, mwanga ni wa dirisha moja lenye pazia. Nikafungua tundu mpaka 1.7, lote, na njano ikabaki pale pale. Njano kwenye Electro ni onyo kwamba shata itakaa wazi zaidi ya 1/30 ya sekunde, lakini zaidi kwa kiasi gani haikuambii, na inaweza kukaa mpaka sekunde 30. Nikaiegemeza juu ya kabati la vyombo. "Msitikisike," nikasema. Nikabonyeza. Ikalia ya kufungua. Tukasubiri ya kufungua ifuatwe na ya kufunga. Mtu akapiga chafya. Shangazi akauliza kama tayari. Mjomba akamjibu kwamba bado. Mtoto akaondoka kwenda kujisaidia. Ikalia ya kufunga.

Bibi ni wa enzi za studio, enzi ambazo mtu alivaa, akakaa kwenye kiti, akashika pumzi mpaka aambiwe basi. Kwenye picha ile yeye ni mkali kuanzia kofia ya jino la dhahabu mpaka ncha za vidole. Waliomzunguka ni moshi. Shangazi ana vichwa viwili, safari hii kihalali. Bibi ameipenda sana. Ameitaka kubwa, ya kuweka sebuleni, na Shangazi ametangaza kwamba siku itakapotundikwa hataingia sebuleni.

Bwana harusi alipokuja kumpa mkono bibi harusi, Baba Mdogo akaninyooshea kiganja. "Lete." Mzee akisema lete, unaleta. Nilikuwa nimeifunika lenzi kwa sababu ya vumbi na vidole vya watoto, na chumba kilikuwa kimejaa vigelegele, na yeye tayari alishaipeleka jichoni. Kamera nyingine zingemzuia. Kuna ambazo jicho la kupimia mwanga limewekwa kwenye duara la lenzi yenyewe. Ukiifunika lenzi nalo linapofuka, linalalamika. La Electro liko juu, karibu na dirisha la kuchungulia, na kifuniko hakiligusi. Kwa hiyo Baba Mdogo aliona kila kitu angavu, akawaunganisha maharusi wawili wawili kuwa mmoja mmoja, taa zote zimezima, kamera imeridhika. Akapiga. Akavuta. Akapiga. Wazee wenzake walisogea kumtazama. Alipiga goti moja chini, na kwa muda ule alikuwa kijana kabisa. Mkanda ulipoisha ndipo akanirudishia, na kifuniko kikiwa mahali pake.

Siku hizi anayesafisha mikanda si kila mtaa. Wangu ulikwenda Dar, kwa jamaa mmoja anayeisafisha chumbani kwake. Dawa inatakiwa iwe nyuzi 38, dakika tatu na robo, na anasema joto la Februari linamsaidia nusu ya kazi. Uliporudi nikaenda kwa Baba Mdogo nimeshaandaa maneno.

"Zile za kupeana mkono, Baba, mkanda uliungua."

"Negativu ziko wapi?"

Hilo sikulipangia. Akazishika kwa kingo, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Mkanda ulioungua, kwenye negativu, hutoka mweusi tii. Hilo alilijua kabla sijazaliwa. Pale kulikuwa na kanzu, kanzu, Bibi na moshi wake, halafu vipande vitupu, vinapitisha mwanga kama hakuna lililowahi kuvigusa, kimoja baada ya kingine mpaka mwisho. Akavipitia vyote. Akarudi mwanzo, akavipitia tena.

"Kweli," akasema. "Umeungua."

"Umeungua, Baba."

"Tena umechagua pa kuungua." Akazikunja ndani ya karatasi yake vizuri, akanirudishia. Kisha akaivuta kamera mezani, akakichomoa kile kifuniko, akakigeuza juu chini. "Na hiki ulikinunua?"

"Nilipewa bure."

"Kirudishe."